Ndiyo Iliyoibwa

Kupe alitoa kompyuta ndogo mkobani, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, akaomba televisheni izimwe. Mke wa dalali akaizima. Chumbani kukabaki mlio wa feni na pumzi za mwenye nyumba, ambazo hazikupita puani wala mdomoni. Zilipita kwenye tundu la shingoni lililofunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Nitawasikilizisha mara moja," Kupe alisema. "Halafu nitauliza maswali. Asiyeulizwa naomba asijibu."

Jina hilo la Kupe alibandikwa ofisini, kwenye tume inayopokea malalamiko ya watumiaji wa simu, kwa sababu mwanamke huyo akishaganda kwenye faili habanduki. Kabla ya tume alikuwa askari kanzu kwa muda mrefu. Bado alikuwa na tabia ya kukaa pale anapoweza kuona mlango na nyuso zote kwa pamoja, na ndivyo alivyokaa sasa.

Faili la leo lilikuwa la mwenye nyumba. Alikuwa dalali wa mnada, mtu ambaye sauti yake ilivuka barabara na kuwatoa watu dukani, hata mji mzima ukamwita Radi. Mwezi wa kwanza madaktari walimtoa zoloto, kiungo cha sauti kooni, lililoliwa na saratani. Roho ilibaki, sauti ikaenda. Aliporudi nyumbani akaona hana haja tena na laini ya mkataba yenye dakika tele za maongezi, akaomba ikatwe. Kampuni ya simu ikaikata, kisha ikamtoza ada ya kuvunja mkataba. Eti mwezi wa tatu, kwa sauti yake mwenyewe, alikuwa amekubali kuongeza miaka miwili. Alipogoma kulipa wakamwandikia kwamba vyombo vyake vya ndani vitakamatwa na kupigwa mnada. Dalali akaisoma barua hiyo mara mbili, mkewe alisema, kisha akacheka, na kicheko kikatokea shingoni kama tairi linalotoa upepo.

Tume ilidai ushahidi, na kampuni ikaleta rekodi. Pamoja nayo ilikuja barua fupi ya mwanasheria: hatupingi vyeti vya hospitali, lakini katika mambo ya namna hii mara nyingi aliyekubali kwa niaba ya mteja huwa ni mtu wa nyumbani.

Kupe akabonyeza.

"Je, unakubali kuendelea na mkataba wako kwa miaka miwili mingine, pamoja na zawadi ya simu mpya?" iliuliza sauti ya mwanamke, laini, ya kusoma.

"Ndiyo, nakubali," ikajibu sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu asiyejua kuongea polepole. "Ndiyo, ndiyo. Haya, asante."

Ikaisha. Mke wa dalali alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa khanga. Radi alishika shingo yake kwa vidole viwili, taratibu, kama anayepapasa jeraha gizani. Kisha akavuta kibao cha chaki kilichokuwa mapajani mwake, akaandika kwa herufi kubwa: MIMI HUYO.

Akafuta kwa kiganja. Akaandika tena: LINI?

"Kampuni inasema mwezi wa tatu," Kupe alijibu.

Radi alitulia. Macho yake yakaondoka kwa Kupe, yakapita kwa mkewe, yakaenda kutua mlangoni, kwenye kigoda alipokaa mdogo wake.

Huyo mdogo mtu aliishi chumba cha uani. Mnadani walimpa jina la Mwangwi, maana sauti yake ilikuwa ya kaka yake isipokuwa ilitoka nyuma. Alikuwa amevaa shati la kazi lililopauka mabegani, na nyusi zake zilikuwa na vumbi jeupe. Kupe aliliona vumbi hilo. Alidhani ni la chaki.

"Mwezi wa tatu simu ya kaka yako ilikuwa kwa nani?" akamuuliza.

"Kwangu. Yeye angepokea aseme nini?"

"Kampuni ilipiga?"

"Walipiga wengi. Wenye pole, wenye madai, wambea."

"Nimeuliza kampuni."

"Sikumbuki."

"Sauti zenu zinafanana sana."

"Tumetoka tumbo moja. Ulitaka ifanane na yako?"

"Hata mimi nikiwa jikoni nilikuwa nawachanganya," mke wa dalali alisema, kisha akakumbuka hakuulizwa, akainama.

Kupe aliacha kimya kidogo kipite. Ilikuwa mbinu ya zamani, na ilifanya kazi. Mwangwi aligeuza miguu, na kitu bapa kikajichora kwenye mfuko wa shati lake.

"Hiyo simu mfukoni ni mpya," Kupe alisema.

Kiganja cha Mwangwi kilikwenda mfukoni upesi kuliko ilivyofaa. "Nimeinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Kwa pesa ya kazi gani? Kaka yako hanadi tena."

"Nafanya kazi."

"Wapi?"

Mwangwi alimtazama kaka yake, akatazama sakafu. "Nafanya kazi," akarudia.

Chaki ilisikika ikikwaruza kwa nguvu hadi ikakatika vipande. Radi aliinua kibao. Kilikuwa na neno moja: TOKA.

"Kaka."

Radi akakigonga kibao mezani. Vikombe vikaruka.

Mwangwi alisimama. Hakupaza sauti, na pengine hilo ndilo lililomfanya Kupe aache kuandika. "Lifti ya hospitali ilipoharibika, nani alikubeba mgongoni ghorofa zote zile? Ni yule mwizi wako. Leo mashine imesema na wewe umeitikia." Akatoa ufunguo wa chumba cha uani, akauweka juu ya televisheni, akatoka. Hakuchukua hata nguo.

Mke wa dalali alimsindikiza Kupe mpaka getini. Hapo akamshika mkono.

"Dada, mimi sijui kazi yako. Lakini lile swali la simu lingeulizwa uani, si mbele ya kaka yake."

Kupe alifungua geti. Akasema asante kwa chai, ingawa hakuinywa.

*

Uwanja wa mnada ulikuwa na makabati yasiyo na milango, majokofu yaliyolazwa chali, na mwenye uwanja aliyekaa kwenye kochi lenye kibandiko cha bei. Kupe alipojitambulisha hakuinuka.

"Keti hapo kwenye stuli. Haijauzwa bado."

"Nimekuja kuhusu Mwangwi."

"Amekufa?"

"Hapana."

"Basi afadhali. Mwaka huu nimechoka kuchanga." Mwenye uwanja alijikuna kidevu. "Mwangwi alikuja hapa mwezi ule ule kaka mtu alipofanyiwa upasuaji. Akasema, bosi, sauti si ile ile? Nikampa siku moja apande juu ya sanduku. Sauti ilikuwa ile ile kweli, lakini hakuna mkono ulioinuka. Unajua, mnada si kelele. Mnada ni uongo mtamu. Radi angekuuzia hata hiyo stuli uliyokalia na ungerudi nyumbani unashukuru."

"Kwa hiyo Mwangwi hafanyi kazi hapa?"

"Tangu siku hiyo, hapana."

"Nyumbani wanajua?"

Mwenye uwanja akamtazama kana kwamba ameulizwa jambo la aibu. "Aliniomba nisiseme. Kaka mtu anaamini mimi ndiye ninayemlipa. Zile dawa, vile vitambaa vya shingoni, nani ananunua? Malaika? Yule anapakia magunia ya unga ghala la karibu na reli. Hata simu mpya aliyonayo, msimamizi wake kamkopesha. Wapakiaji huitwa kazini kwa ujumbe, usipokuwa na simu hupati zamu."

Unga. Kupe alizikumbuka zile nyusi.

"Alificha kwa nini?"

"Wewe una kaka?"

"Ninaye."

"Kaka yako ni Radi, mji mzima unamjua, ameanguka. Utamwambia kwamba mdogo wake sasa ni punda wa magunia kwa ajili yake?" Akatema mate pembeni. "Mnadani Mwangwi alikuwa mchekeshaji. Yeye alisimama nyuma, anainua bidhaa juu watu waione. Bei ikikwama, analipuka: 'Asiyeongeza asinune!' Watu wanacheka, na anayecheka mkono wake huwa mwepesi."

"Alisema hivyo kila mnada?"

"Kila bei ikikwama. Mpaka mke wangu akalikataza neno hilo nyumbani."

Kutoka hapo Kupe alipitia duka la wakala wa kampuni, akataka kuonyeshwa nani alichukua simu ya zawadi kwa jina la Radi. Muuza duka alitafuta, akatafuta tena, kisha akaita mwenzake. Hakukuwa na zawadi iliyotoka. Haikuwahi hata kuletwa.

Kupe alisimama kizingitini pa duka akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kama simu ya Mwangwi ilikuwa ya mkopo, na zawadi haikutoka, basi pale nyumbani alikuwa ameuliza swali ambalo mwanasheria wa kampuni ndiye aliyempa. Naye alilibeba mwenyewe mpaka mezani kwa watu.

*

Ofisini aliazima hedifoni kubwa za fundi mitambo, akafunga mlango. Nyumbani kwa dalali walisikiliza kupitia spika ndogo ya kompyuta, feni ikizunguka juu. Sasa alisikiliza bila feni.

Swali la mwanamke lilikuwa kavu. Nyuma yake hapakuwa na kitu, kama limetamkwa ndani ya sanduku lenye pamba. Lakini neno "mpya" lilipoisha, kabla ya "ndiyo," kulikuwa na mguso mdogo sana, tiki, kisha ghafla dunia ikafunguka: watu, upepo, kitu cha bati kikiburutwa chini. Mwanamume alikuwa nje, penye umati. "Ndiyo, nakubali. Ndiyo, ndiyo."

Akarudisha. Akapunguza sauti nzito ya mbele, akapandisha ya nyuma. Akarudisha tena.

Kati ya "ndiyo" ya pili na ya tatu, mbali, mtu alipiga kelele na watu wakacheka. Kupe alifumba macho. Maneno hayakusikika yote, lakini mwisho wake ulisikika wazi kama mtu anayebisha hodi:

"...asinune!"

Kupe alivua hedifoni. Mtu mmoja hawezi kuongea na simu sikioni na papo hapo kulipuka kutoka nyuma ya umati. Kama aliye nyuma ni Mwangwi, basi aliyeshika simu ni Radi. Na kama ni Radi mwenye sauti yake, huo ni mnada wa zamani, kabla ya hospitali. Mwezi wa tatu ulikuwa uongo. "Ndiyo" ilikuwa ya kweli, ila ilijibu swali jingine.

Sasa alimtaka yule mwanamke wa swali. Aliiandikia kampuni imlete. Jibu lilikuja siku ile ile, upesi usio wa kawaida kwao: mtumishi huyo ameacha kazi, hapatikani.

Kupe alivuta simu ya mezani akapiga namba ya huduma kwa wateja. Akapokea mwanamume, Kupe akakata. Akapiga tena, akapokea binti mwenye mafua, akakata. Alipiga mchana kutwa, akisikiliza ule muziki wa kusubirisha mpaka ukaanza kumwasha meno, na jua lilipokuwa linaelekea chini ikapokea sauti laini, ya kusoma.

"Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

"Nimeambiwa umeacha kazi," Kupe alisema.

Upande wa pili mlio wa kibodi ukakatika.

"Najua tunarekodiwa. Usiseme kitu. Nitakuwa kwenye mgahawa unaotazamana na geti lenu, nimevaa koti la kijivu."

Mwanamke alikuja, akakaa akiupa mgongo mlango wa kioo. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na blauzi yake ilikuwa na doa la maziwa begani. Kupe alimpa hedifoni. Mwanamke akasikiliza hadi mwisho.

"Swali ni langu," alisema. "Huyo baba simjui."

"Ulimpigia mwezi wa tatu?"

"Mwezi wa tatu nilikuwa likizo ya uzazi."

"Basi uliyasoma lini hayo maneno?"

"Kabla sijajifungua. Walitupeleka kwenye chumba chenye mazulia mpaka ukutani, wakatupa karatasi tusome. Wakasema ni ya mafunzo kwa wageni."

"Na majibu wanayapata wapi?"

Mwanamke alizungusha kikombe chake bila kukinyanyua. "Kabatini."

"Kabati gani?"

"Ndivyo tunavyoliita. Simu zote zinazoingia zinahifadhiwa. Mteja akitaka kuondoka, kuna watu wa kitengo cha kubakiza wateja, kazi yao ni kuingia kabatini kutafuta ndiyo yake. Hawaikosi. Wewe unamjua mtu ambaye hajawahi kusema ndiyo kwenye simu?"

"Utayasema haya mbele ya tume?"

"Dada, nina mtoto anayenyonya na baba yake hana kazi."

"Kuna mzee ambaye vyombo vyake vitauzwa. Na mdogo wake amefukuzwa nyumbani kwa ajili ya hiyo rekodi."

"Mimi nilimfukuza?" Mwanamke alisimama, akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Nitakachosema ni kwamba hujawahi kuniona. Na usinipigie tena kule."

Chai yake aliiacha imejaa. Kupe hakumfuata. Askari kanzu angemfuata.

*

Kikao kilikaa kwenye chumba cha mkurugenzi wa tume, penye kapeti na maua ya plastiki. Mwanasheria wa kampuni alikuja na msaidizi wa kumbebea faili. Mkurugenzi, aliyekuwa wa kwanza kumwita Kupe kwa jina la Kupe na bado alicheka kila alipolitamka, aliwaagizia wote maji.

Kupe aliwasikilizisha rekodi, kwanza kama ilivyoletwa, kisha kama alivyoisafisha. Alipofika kwenye ule mwisho, "...asinune," akaisimamisha.

"Huyo ni mdogo mtu. Mwenye uwanja wa mnada ameandika maelezo na kuweka saini: neno ni lake, na tangu mwezi wa kwanza hajanadi wala kubeba bidhaa pale. Aliye mbele kwa hiyo ni kaka mtu, wakati bado ana koo. Mlipoandika mwezi wa tatu, mlikuwa mnamaanisha nini?"

"Mifumo ya tarehe huwa na hitilafu," mwanasheria alisema.

"Na hitilafu ndiyo iliyoshona swali la ndani ya chumba na jibu la nje ya uwanja?"

"Sielewi unachodokeza."

"Sidokezi. Naomba simu nzima aliyosema hiyo ndiyo. Kutoka mwanzo."

Mwanasheria aliomba dakika chache, akatoka na msaidizi wake. Kupitia mlangoni walimsikia akiongea na mtu kwa heshima nyingi. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Kampuni yangu, kwa kumhurumia mteja mgonjwa, inaifuta ada yote. Barua ya madai inaondolewa. Bila kukiri kosa lolote."

"Swali langu bado lipo," Kupe alisema. "Alikuwa anakubali nini?"

"Halina umuhimu tena."

"Kwake lina umuhimu."

Mwanasheria alimtazama mkurugenzi, akaona hatasaidiwa hapo, akafungua karatasi. "Kupokea ujumbe wa utabiri wa hali ya hewa. Bure."

Mtu anayenadi kochi na magodoro uwanjani, chini ya mawingu, aliulizwa kama angependa kujua mvua itanyesha lini. Akasema ndiyo, ndiyo, haya, asante.

"Barua yenu ilitutuma tumtazame mtu wa nyumbani," Kupe alisema.

"Ilisema mara nyingi. Hatukumtaja mtu."

"Basi andikeni sasa kwamba hakuna mtu wa nyumba ile aliyetoa sauti hiyo mwezi wa tatu. Mstari mmoja tu. Nitampelekea kaka mtu."

"Hilo litakuwa kukiri."

"Mstari mmoja."

"Kupe, Kupe," mkurugenzi alicheka, kisha akaacha. "Mlalamikaji mmoja, ada moja, imefutwa. Tumeshinda. Faili limefungwa."

"Na kabati? Wangapi wamo mle ndani?"

"Wapo walioleta malalamiko?"

"Hawajui kama wameibiwa."

"Basi hakuna lalamiko." Mkurugenzi alisukuma karatasi mbele yake. "Weka saini hapo chini. Wewe ndiye uliyeichunguza, heshima ni yako."

Kupe alisoma karatasi yote, hata mistari midogo. Hakukuwa na neno la uongo ndani yake, wala la kweli. Akaweka saini.

*

Mke wa dalali alisoma barua kwa sauti, akiwa amesimama, na alipofika kwenye "kwa kumhurumia" sauti yake ikapinda, lakini akamaliza. Radi alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Vyombo vyao vingebaki. Meza, televisheni, kitanda. Kupe akawaeleza yaliyobaki, yale yasiyokuwamo kwenye barua: mnada wa zamani, hali ya hewa, kicheko cha umati, neno la mdogo mtu kwa nyuma. Kisha unga, magunia, dawa.

Hapo Radi aliinua mkono, kama anayeomba mtu aache kupiga.

Dalali alichukua chaki. YUKO WAPI?

"Ghala la karibu na reli. Analala huko huko, nimeambiwa, kwenye magunia matupu."

Radi alivaa viatu. Mkewe hakuvaa.

"Shemeji yangu siwezi kumtazama usoni," alisema. "Siku ile mimi ndiye niliyesema nawachanganya sauti. Na alipofukuzwa nilinyamaza, na mdomo ninao. Nendeni."

Njiani Radi aliandika kibaoni, akafuta, akaandika tena, gari likiruka kwenye mashimo. Kupe aliendesha na hakuchungulia. Walipofika ndipo alipokiona, kwa sababu dalali alikuwa amekishika kifuani kwa mikono miwili: NISAMEHE MDOGO WANGU. NILIKOSA.

Wapakiaji walikuwa wanajaza lori. Hewa yote ilikuwa nyeupe. Mwangwi alitoka na gunia begani, akawaona wamesimama getini, akapanda ubao, akatua gunia, akashuka. Alipita umbali wa hatua chache tu kutoka kwao, akainamia gunia jingine, akiwapa mgongo.

Radi akainua kibao. Akakiinua juu zaidi, usawa wa kichwa, na akakishikilia hivyo mbele ya mgongo wa mdogo wake.

"Mwangwi," Kupe alisema. "Kaka yako yuko hapa."

"Najua. Nasikia pumzi yake."

"Hukufanya lolote. Imethibitika. Kosa lilikuwa la kampuni, na langu."

"Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikufanya lolote. Umekuja kuniambia habari zangu?"

"Kaandika kitu. Geuka usome."

Mwangwi alibaki ameinama, mikono imeshika pembe za gunia. "Nyumba nzima ilikuwa na macho siku ile, hakuna aliyenigeukia. Mwambie akiwa na neno, aniite."

Wapakiaji wawili waliacha kazi wakatazama. Radi alifungua mdomo. Kupe aliona mishipa ya shingo ikikaza na kifua kikijaa kama cha mtu aliyepanda juu ya sanduku mbele ya umati. Kitambaa cheupe kikapepea, upepo ukatoka, basi. Akajaribu tena, na safari hii akakohoa mpaka akajishika magoti.

Alipopata pumzi aliinama, akaweka kibao chini. Akaenda kwenye rundo la magunia, akachagua moja, akalikumbatia kulinyanyua.

Mwangwi aligeuka.

"Weka chini," alisema. "Daktari alikukataza vitu vizito."

Radi hakuweka. Mwangwi alimfikia kwa hatua mbili, akautoa mkono mmoja wa kaka yake kwenye gunia, kisha mwingine, polepole, kama anavyovuliwa mgonjwa nguo. Akalirusha gunia begani. Kibao kilikuwa chini kati yao, kimegeukia juu. Akakiruka bila kukikanyaga, akapanda ubao.

Hakurudi kwa gunia jingine. Lori lilikuwa limejaa. Mtu akafunga mlango wa nyuma, dereva akawasha injini, na Mwangwi akakaa juu ya mzigo pamoja na wenzake, uso wake ukielekea barabarani. Radi alisimama getini. Alipunga mkono mara moja, na hakuna aliyekuwa anatazama nyuma.